Mtihani wa Leelamma

Bwana Kurup, mtahini wa manahodha wa meli za uvuvi huko Kochi, India, hakumfaulisha yeyote asiyemletea kapu la kamba wabichi. Leelamma alikuja mikono mitupu. Walitoka wawili tu, naye akaendesha vizuri mpaka nchi kavu ikapotea machoni.

“Umeanguka mtihani,” alisema Kurup, kichefuchefu kimemshika. “Kosa lako unalijua.”

Leelamma akazima injini, akaketi.

“Turudishe bandarini!”

“Nitawezaje, Bwana Mkubwa? Aliyeanguka haruhusiwi kushika usukani, nawe mwenyewe huna cheti. Tungoje apite nahodha mwenye cheti.”

Wimbi likainyanyua meli. Kurup akatapika, akapangusa mdomo, akatia saini cheti.

Leelamma akakisoma chote taratibu, ndipo akawasha injini.