Bati la Kurusha Ndege

Mtu mmoja alikuwa na mashua ya injini, na ndugu mmoja tu duniani. Yeye aliitwa Vuai, na nduguye mdogo aliitwa Makame. Msiniulize kisiwa chao kiko wapi. Mnaokaa huko mnajijua.

Kazi yao ilikuwa kuwapeleka wageni kwenye mwamba ulio peke yake baharini, ambako shakwe walikuja kila mwaka kutaga na kuatamia juu ya jiwe tupu. Wenye mashua wa pale walikuwa na desturi yao. Wakiukaribia mwamba walizima injini wakiwa bado mbali, wakanyamaza, wakangoja kuona kile kitakachojionyesha chenyewe. Kasa akiibuka kuvuta pumzi, aliachwa avute. Wala desturi hiyo haikuwa adabu tu. Mwamba ule umezungukwa na matumbawe makali, na mlango wa kupita ni mmoja. Mvua ikifunga macho, wenye mashua walizima injini wakasikiliza kelele za shakwe, wakaziweka upande wa mkono wa kulia, wakapita. Ndivyo baba yao Vuai na Makame alivyofanya kazi hiyo miaka arobaini, akafia kitandani kwake.

Lakini wageni hawana subira, na Vuai alipenda mno kusifiwa. Siku moja mgeni alinung'unika kwamba amesafiri mbali kuja kutazama ndege waliolala. Vuai akaona haya. Akaokota kipande cha bati kilichokuwa chini ya kiti, akakigonga kwa chuma. Shakwe wote wakaruka mara moja, juu kukawa kweupe, na wageni wakapiga makofi. Tangu siku hiyo hakutoka bila bati, na mashua yake haikukosa watu.

Makame alikaa mbele kutazama maji, kwa hiyo aliona kilichobaki chini. Mayai yaliachwa kwenye jua la saa sita. Makinda walitapatapa mpaka wakaanguka baharini. Na kunguru wa ng'ambo walijifunza upesi: wakilisikia bati, walikuja kula. Makame akavumilia msimu mzima, kisha akamwambia nduguye mbele ya wageni, jambo ambalo kwao mdogo hamfanyii mkubwa:

"Kaka, hawa hawaruki kwa furaha. Wanatukimbia."

Vuai alicheka, akapiga tena. Makame angeweza kushuka mashua ile asirudi, na hakushuka. Alinyamaza, akaendelea kutazama maji. Hilo nalo mlitie akilini.

Ndege walipopungua, Vuai hakuacha kupiga. Alitafuta bati kubwa zaidi. Mwaka wa nne hawakuja hata mmoja, naye aliwaambia wageni wake wanne kwamba mwaka huu wamechelewa kidogo, akawazungusha nyuma ya mwamba eti kuwatafuta. Huko ndiko mvua ilikowakuta.

Ilishuka nzito, ikafuta mwamba, ikafuta kisiwa, ikawa hawajui mbele wala nyuma. Makame akazima injini kama walivyofundishwa na baba yao. Wakasikiliza wote. Hakukuwa na kitu ila mvua juu ya maji. Ndipo Vuai akalichukua bati akaanza kulipiga, safari hii si kwa ajili ya makofi ya mtu. Alikuwa anaomba ndege mmoja tu aruke na kulia, apate kujua mwamba uko wapi. Alipiga mpaka viganja vikachubuka. Mkondo ukawachukua taratibu, ukawabwaga juu ya matumbawe, na mashua ikapasuka.

Makame aliwavuta wageni watatu mmoja mmoja mpaka kwenye mwamba. Akarudi kumfuata wa nne, mama mtu mzima aliyekuwa ameshika ubao, na wote wawili hawakuonekana tena.

Vuai alipanda mpaka juu kabisa, mahali ambapo zamani palijaa viota, akaketi kwenye jiwe tupu akimwita nduguye kwa jina. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Na mvua ilipokatika, wakaja kunguru, kwa maana walikuwa wamelisikia bati. Wakatua kumzunguka, wakangoja.

Ninyi mlioketi hapa leo, mmoja ana watoto, mwingine ana watu chini yake, na wote mna wanaowapigia makofi. Je, ni sauti ipi mmeifukuza kwa ajili ya makofi hayo, ambayo siku ya mvua mtaitafuta msiisikie?