Kwa Nini Kitwitwi Hukimbizana na Mawimbi

Mkimwona kitwitwi akihangaika ufukweni, mara huku mara kule, msidhani anacheza. Zamani alikuwa ndege mtulivu. Kiota chake kilikuwa kizuri kuliko vyote vya mikokoni, kimesukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi na kutandikwa manyoya, na ndani yake alikuwa na mayai yake ya kwanza.

Siku moja, maji yakiwa yamejaa, Kaa alimwita. "Shoga, tubahatishe. Wimbi lijalo likilipita jiwe lile, nakupa uduvi. Lisipolipita, unanipa uzi mmoja wa kiota."

Wimbi likapita. La pili likapita. Kitwitwi akala uduvi asioutafuta, akajiona ana jicho la kuyasoma mawimbi.

Kisha maji yakaanza kupwa. Kitwitwi hakuliona hilo, kwani alitazama jiwe tu. Wimbi likaishia chini, akatoa uzi. Jingine likaishia chini, akatoa tena. Moja likalirushia jiwe matone, moyo ukamruka.

"Umeona? Limebaki kidogo!"

"Kidogo sana, shoga," Kaa alisema, huku akiburuta makumbi shimoni.

Mume wa Kitwitwi aliporudi alikuta kiota kimebaki nusu.

"Mama watoto, acha. Maji yanapwa."

"Yamekataa tangu asubuhi. Hayawezi kukataa tena."

"Kwani wimbi hili limeambiwa na lile lililopita?"

"Nikiacha sasa, si nitakuwa nimezitupa nyuzi zote nilizotoa?"

Mume aliyahamisha mayai, akayalaza juu ya mchanga mtupu, akayafunika kwa mbawa. Nyuma yake uzi wa mwisho ukaenda.

"Bado mayai," Kaa alisema taratibu.

Kitwitwi akayatazama mayai. Akalitazama jiwe. Akafungua mdomo, na kabla hajasema neno, wimbi likaruka juu ya jiwe, kwani maji yalikuwa yamekwisha kugeuka na kujaa tena.

"Nilisema! Nilisema litapita!"

"Hilo halikuwa na dau, shoga," Kaa akacheka, akazama shimoni.

Na tangu siku hiyo kitwitwi hana kiota. Mayai yake hulala mchangani, nao mchanga, kwa huruma, umeyaazima rangi yake yasionekane. Wimbi likija, huyakumbuka mayai, akakimbilia juu. Likirudi, husahau, akalifuata mbio hadi majini, kwani lijalo, anaamini, haliwezi kukataa.