Bi Ngiri na Shimo la Bondeni

Mwaka ambao vuli haikutoa hata tone, ardhi ya nyika ilikauka ikawa ngumu kama kigae, na mashimo yakawa ghali. Hakuna aliyeweza kuchimba jipya. Muhanga, fundi wa mashimo yote ya pale, alivunja kucha mbili akaacha kazi. Aliyetaka nyumba ilimpasa anunue iliyokuwapo.

Bi Ngiri alitaka nyumba. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwa hesabu yake, aliyoirudia kila asubuhi, angejifungua siku chache baada ya masika kuanza. Watoto wa ngiri wakilowa usiku mmoja, hawafiki wa pili. Kwa misimu miwili alikuwa akikusanya magadi, ambayo ndiyo fedha ya nyika kwa kuwa hakuna mnyama asiyeyalamba. Alikuwa na mabonge sitini, ameyafunga kwa majani, na aliyajua moja moja.

Sungura alikuwa dalali. Alitoza nusu bonge kwa kila shimo alilokwenda kuonyesha, liwe zima au liwe limeporomoka. Alikuwa ameshamzungusha Bi Ngiri kwenye matatu. La nne lilikuwa bondeni, mali ya Fisi, ambaye mwenyewe alilala kwenye shimo jingine, juu ya mwinuko.

"Fisi mmoja, mashimo mawili?" aliuliza Bi Ngiri.

"Moja la kulala, moja la kuuza," alisema Sungura. "Tazama nafasi, dada. Sikia upepo. Na bei ni hamsini tu."

"Nina arobaini."

"Dada yangu, una sitini. Nyika nzima inajua."

"Arobaini ni ya nyumba. Manne ni ya Mzee Simba, mawili yako, mawili ya kuzungushwa. Kumi na mawili hayaguswi."

"Hayo ya nini?"

"Ya kuishi ndani ya nyumba."

Fisi, aliyekuwa amejilaza kivulini akisikiliza, alicheka. Fisi hucheka hata pasipo jambo. "Shemeji, leo ni hamsini. Mvua ikianza ni themanini. Na kuna wateja watatu wanalitaka. Mmoja alilia machozi."

"Nani huyo?"

"Hakutaka atajwe."

Bi Ngiri akaomba kuona ndani. Fisi alikuwa ameingia shimo lile mara nyingi, kichwa mbele, kama wanyama wengi. Kila mara alinusa, akakosa nyama, akatoka. Lakini ngiri huingia nyumbani kinyumenyume, ili meno yake marefu yabaki yakitazama mlango. Mama yake aliingia hivyo, na bibi yake pia. Akarudi nyuma gizani, hatua baada ya hatua, mpaka makalio yake yakagota mwisho, na ukuta ukasema, "Taratibu."

Bi Ngiri akasimama. "Nani?"

"Kamongo."

"Kamongo samaki?"

"Samaki, ndiyo. Kiangazi najizika kwenye tope, linanikaukia, nalala. Maji yakija naamka."

Bi Ngiri akauliza, "Huja lini?"

"Siku ya pili ya mvua. Hujaa mpaka darini. Sasa niwie radhi, mama, sijamaliza kulala."

Mashimo mengine makavu yalikuwa yamekwisha kuuzwa. Bi Ngiri aliyapitia kichwani mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa yamekwisha. Kisha akatoka, uso wake hauna habari.

"Nitanunua," alisema. "Ila mimi ni mwoga, mnivumilie. Arobaini. Nusu leo, nusu baada ya usiku wa tatu wa mvua, shimo likiwa kavu. Likiingia maji, unanirudishia ishirini yangu siku hiyo hiyo. Usiporudisha, unanipa shimo unalolala."

Fisi akamtazama Sungura. Sungura alikuwa ameshapiga hesabu: mawili yake yalilipwa siku ya mkataba, si siku ya mvua. "Masharti ya kawaida," alisema.

"Ishirini leo leo?" aliuliza Fisi, udenda ukimdondoka.

"Leo leo."

"Basi kwa nini tumesimama?"

Wakaenda kwa Simba, mwenyekiti wa nyika, kwa sababu mkataba usio na unyayo wake haukuwa mkataba.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Ngiri.

"Marahaba. Weka manne hapo."

Simba alikanyaga bamba la udongo mbichi, akautazama unyayo wake kwa kila upande, kisha akakanyaga tena pembeni, kwa sababu wa kwanza haukumtosha. "Nilichokanyaga hakifutiki," alisema.

Fisi alirudi kwake na mabonge ishirini, akiwa amekusudia kulamba moja. Kabla jua halijazama alikuwa ameyamaliza, na siku mbili zilizofuata alizunguka nyika akitafuta maji ya kunywa.

Masika yaliwahi siku tisa. Bi Ngiri alikuwa bado kwa dada yake, katika shimo la ngiri wawili lililolala ngiri wanane, hajahamisha kitu. Siku ya pili ya mvua uchungu nao ukawahi, ukamshika.

"Nenda kwako!" alisema dada yake. "Umelipia nyumba, unataka kuzalia miguuni mwangu?"

"Kwanza twende tukaitazame."

"Mwenzangu, unazaa!"

"Ndiyo maana."

Shimo la bondeni lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Katikati ya maji Kamongo alitoa kichwa, akapiga mwayo. "Nilikwambia siku ya pili," alisema.

Dada mtu akakimbia kumwita Simba. Simba hakupenda kulowesha manyoya ya shingo, lakini unyayo wake ulikuwa kwenye bamba lile, akaja.

"Fisi, yako wapi ishirini?"

"Niliyalamba, mzee. Mvua ingeyayeyusha."

"Sungura?"

"Mimi ni dalali, mzee, si mdhamini," alijibu Sungura, tayari akiwa mbali.

"Nipe siku saba," alisihi Fisi. "Huyu ni ngiri tu, mzee."

"Ngiri ni ngiri, lakini unyayo ni wangu," alisema Simba. "Mkataba umesema leo. Hama."

Bi Ngiri alipanda mwinuko akisimama mara nne kwa uchungu. Akaingia kinyumenyume, akapapasa ukuta wa mwisho kwa mkia. Ukuta haukusema kitu. Watoto wakazaliwa watatu, wakakauka palepale walipolala. Katika wiki ambazo hakuweza kutoka kuchimba mizizi, alinunua chakula mlangoni kwa yale kumi na mawili. Yale ishirini ambayo hakulazimika kuyalipa aliyahesabu, akayafunga tena kwa majani.

Fisi akashuka bondeni, kwa kuwa hakuwa na pengine. Alisimama mlangoni pa shimo lake, maji yakimfika tumboni.

"Karibu," alisema Kamongo. "Yatakauka baada ya miezi mitano. Umeweka chochote cha kukusogeza mpaka hapo?"

"Sikuweka."

Kamongo akamtazama, kisha akazama. Akiba haiozi.