Stempu Mbili za Bukoba

Kaeni vizuri, na mwenye kidole chepesi cha kuwanyooshea wenzake akikalie kwanza.

Mzee Mbwambo wa Same alikuwa na watoto watatu. Namsifu alijaliwa kumbukumbu, Elinihaki jicho, na Nakiete, kitinda mimba, subira. Mzee mwenyewe alicheza sataranji kwa barua na Bwana Rwegasira wa Bukoba, hoja moja, yaani mwendo mmoja wa kete, kila barua. Maradhi yakamkuta katikati ya mchezo.

"Atakayeninusuru nisishindwe," aliwaambia wanawe, "ubao wangu wa mpingo ni wake."

Akafa. Kwa kanuni zao, mchezaji akifa ameshindwa. Basi wale watatu waliapa kuficha msiba, wakaendelea kuandika kwa jina lake.

Namsifu aliukumbuka Ulinzi wa Kifaransa, mtindo wa kujilinda ambao baba aliuanza, askari wamejipanga ukuta katikati ya ubao. Alikataa katakata kuubomoa, na Bukoba ikaugonga miezi mitano.

Ukuta ulipopasuka, Elinihaki aliona upenyo. Akaitoa ngome kafara, na malkia wao akaanza kumkimbiza mfalme wa Rwegasira huku na huku. Elinihaki sasa alitaka ushindi.

Nakiete, mtunza daftari la hoja, akamzuia. "Kaka, ukitamani zaidi tumekwisha. Rudia hoja zilezile. Sura hii ya ubao ikitokea mara tatu, ni sare."

Lakini siku moja Namsifu aliona mezani bahasha ya kwenda Bukoba ina stempu mbili. Hoja moja ina uzito gani hata ilipiwe stempu mbili? Tangu hapo hakumwamini mtu. Ubao ule ndio baba aliomfundishia akiwa na miaka sita, na aliutaka hadi moyo ukamuuma.

Jibu la mwisho likaja. "Nakubali sare. Mmoja wenu aliniarifu mapema kuhusu msiba. Ningeweza kudai ushindi, sikudai. Aliniomba nicheze bila huruma, na nisimtaje."

"Nani aliandika?" Namsifu aliuliza.

"Labda wewe, dada," Elinihaki alisema. Nakiete alifunga daftari.

Ubao ungali mezani, na anayeugusa hutazamwa. Je, apewe aliyeshika ukuta, aliyetoa ngome, au aliyetuliza mchezo? Au aliyevunja kiapo akasema kweli, hata asipojitaja? Au upelekwe Bukoba, kwa aliyeuacha ushindi mkononi? Wewe unayesikiliza, ungeamua vipi?