Hotuba ya Fundi Bomba

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kuwa mtu asiyeweza kungoja hukikosa kitu kizuri hata kikiwa kimeshamfikia mdomoni. Kisa cha fundi bomba mmoja na kompyuta ya nyumbani kwake ni ushahidi tosha.

Fundi huyo, ambaye majirani walimpachika jina la Mzee Koki, alikuwa hodari wa kazi, ila subira hakuwa nayo hata ya kupoza chai. Mkewe alikuwa mkunga, na alasiri ya siku ya kisa hiki alikuwa anaagwa hospitalini baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Mzee Koki aliombwa kumzungumzia. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsifu mbele za watu. Kwa hiyo, siku tisa mfululizo alijifungia chumbani na kuiandika hotuba kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa punje. Saa sita mchana wa siku hiyo ya kuagwa, kurasa nne zilikamilika.

Alijipongeza kwa kufungua muziki, na juu yake mchezo wa drafti. Aliporudi kwenye hotuba na kubonyeza "chapa," kompyuta ilitulia tuli kama maji mtungini. Kiduara kikawa kinazunguka katikati ya kioo. Alibonyeza tena, na tena, hadi kipanya kikalia kama panya wa kweli.

"Kuna nini humo, Baba watoto?" mkewe aliuliza kutoka nje ya mlango, pasi mkononi.

"Kompyuta imegoma."

"Haijagoma, imeelemewa. Iache dakika tano. Isipozinduka, bonyeza vile vitufe vitatu alivyotuonyesha binti yetu. Ukiletewa orodha, funga drafti yako peke yake. Ulichokuwa unaandika usikiguse."

"Nani kakwambia nacheza drafti?"

"Nimekusikia ukijitapa. Nifungulie nikusaidie."

"Usiingie, Mama watoto," alisema kwa hofu, kwani sifa za mkewe zilikuwa zimetanda kioo kizima.

"Basi ngoja. Mtoto akikawia kutoka, mkunga hamvuti mguu."

"Wewe mkunga, mimi fundi bomba. Kwetu kikiziba, tunafunga koki kuu."

Naye akaing'oa plagi ukutani.

Alipoiwasha tena, kompyuta ilimrudishia kile tu alichokuwa amekihifadhi siku ya kwanza: sentensi tatu. Tangu hapo hakuhifadhi kitu wala kuizima kompyuta, maana aliona yote ni kupoteza muda. Saa nayo haikumngoja. Akabonyeza "chapa," na mashine ya kuchapia ilipokawia kidogo, akabonyeza mara kumi na moja zaidi.

Ukumbini, wageni walipoliona bunda la karatasi mkononi mwake, walijiegemeza vitini, na daktari mkuu akalegeza tai. Mzee Koki akasoma: "Mke wangu ana subira. Mimi sina. Mifano ifuatayo itathibitisha." Akafunua ukurasa wa pili, akisahau kwamba karatasi zote ni nakala za ule mmoja. "Mke wangu ana subira..." Akafunua wa tatu, kisha wa nne, yote ni yaleyale. Wauguzi waliangua kicheko, wakapiga makofi wakidhani huo ndio ufundi wenyewe wa hotuba.

Aliketi akiwa amenywea kama jogoo aliyenyeshewa. Mkewe alichukua karatasi moja, akaikunja taratibu na kuitia mkobani.

"Zilikuwa kurasa nne," mumewe alinong'ona. "Kulikuwa na habari za ule usiku wa mafuriko, ulipovuka maji na kisanduku chako kichwani."

"Halafu?"

"Halafu... nilikuwa nimeipanga vizuri. Sasa imenitoka."

Mkunga aliufunga mkoba. "Nimeyangoja maneno hayo miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nikakosa kuyasikia kwa dakika tano."



"Kesho utaandika upya," mkewe aliongeza, akimgusa kiwiko. "Ila mimi nitakaa palepale kwenye plagi."

Makofi Mzee Koki aliyapata, lakini yalikuwa ya kichekesho. Yale ya upendo, aliyoyaandalia hotuba kwa siku tisa, hakuyaonja hata kwa ncha ya ulimi. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.