Mwalimu Aliyekataa Kuandika Jina Lake

Isome taratibu mpaka mwisho, kisha mpelekee mtu mmoja unayemjali.

Mwalimu Tunsume alifundisha watoto viziwi katika shule moja ya Kyela. Kilichomuuma ni kuona mzazi anakuja kumchukua mwanawe, na hajui hata kumwuliza kama amekula. Basi akajifunza mwenyewe kutengeneza programu ya simu. Akaijaza picha za mikono ikionyesha lugha ya alama: maji, njaa, naumwa, nakupenda. Akaigawa bure. Mzazi akamrushia mzazi mwenzake, simu kwa simu, hadi ikavuka wilaya.

Mama Gwakisa, ambaye mwanawe hakuwahi kusikia sauti yoyote, alilia siku alipoinua mikono kumwuliza, "Umelala vizuri?" na mtoto akamjibu.

Kisha ikaja kanuni mpya. Simu hazitapokea tena programu ambayo mtengenezaji wake hajajisajili na kuthibitishwa kwa kitambulisho.

"Mwalimu, si ukajisajili tu," alisema Mama Gwakisa.

"Kwa kosa gani?" Tunsume aling'aka. "Nimetoa bure. Jina langu wanalitakia nini?"

Lakini hakutulia. Akiandika ubaoni, akili iko kwenye simu. Leo anaazimia kwenda, kesho anaghairi. Kujisajili aliona ni kukubali kwamba anashukiwa. Kutojisajili aliona ni kuwatupa watoto. Wiki zikapita hivyo.

Asubuhi moja Mama Gwakisa alifika shuleni akihema.

"Mwalimu, programu yako imekuwaje? Nimewekewa upya juzi na fundi wa sokoni. Leo mtu nisiyemjua kanipigia, anamtaja Gwakisa kwa jina. Anajua hadi darasa analosoma!"

Tunsume aliichukua ile simu. Picha zilikuwa zake. Maneno yalikuwa yake. Lakini programu ile ilikuwa ikisoma ujumbe na namba zote za mwenye simu. Na chini yake paliandikwa: *Mtengenezaji amethibitishwa. Lusekelo.*

Lusekelo alikuwa fundi simu wa sokoni. Ndiye aliyekuwa akiwasaidia wazazi kuiweka programu ya mwalimu kwenye simu zao.

Tunsume hakuaga mtu. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya usajili. Afisa akapekua daftari la usajili, akamwita Lusekelo pia.

"Mwalimu, huyu ana kitambulisho halali na kila kitu kiko sawa," afisa alisema. "Wewe huna hata fomu hapa. Nikuamini kwa lipi?"

Lusekelo alikaa ametulia kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. "Huyu mama nilimfundisha mimi mwenyewe," akasema.

Tunsume akauweka mkono wake wa kushoto juu ya meza. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa nje. Alikivunja utotoni alipoanguka kutoka juu ya mti wa kakao.

"Fungua picha yoyote," akasema.

Afisa akafungua *maji*. Kidole kilichopinda. Akafungua *njaa*. Kidole kilekile. Akafungua *nakupenda*, akainua macho.

"Lusekelo, hebu tuone mikono yako."

Lusekelo alikuwa tayari ameitia mfukoni.

Siku hiyohiyo programu yake ilifungiwa, naye akakabidhiwa polisi. Lakini namba zilizokwisha kuchukuliwa hazikurudi. Mama Gwakisa alibadilisha laini, na kwa miezi mingi alimsindikiza mwanawe hadi mlango wa darasa, akigeuka nyuma kila hatua.

Kabla mwalimu hajaondoka, afisa alisogeza fomu mbele yake.

"Sisi tulimwuliza yeye ni nani," alisema kwa sauti ya chini. "Hatukumwuliza kazi ni ya nani. Hilo ni kosa letu. Lakini nawe, mwalimu, ulimwachia nafasi tupu."

Tunsume aliomba kalamu.

Funzo: Ukisusa kuandika jina lako kwenye jasho lako, mwizi ataandika lake, nawe mwenye simu kumbuka, cheti kinakutajia jina la mtu, hakikuonyeshi moyo wake.