Mkwe na Zimwi la Kisimani

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu, na wewe acha kumfinya mwenzio. Mnasikia? Haya.

Shekue, yatima asiyemjua mama, alimwoa Mwanahawa akahamia kwa wakwe zake. Enzi hizo mume aliwalimia wakwe shamba, na kwa heshima yeye na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Kila jioni mama mkwe alimwachia chakula mlangoni, mnofu mkubwa juu, akaondoka kimya.

Siku moja Shekue, akiwa shambani, akasikia yowe kisimani. Akakimbia. Zimwi limemkamata mama mkwe miguu, linamvuta majini!

"Huyu hutolewa na mwanawe tu," likanguruma. "Wewe ni nani kwake?"

"Mkwe wake."

Likavuta, maji yakafika kiunoni. "Wewe ni nani kwake?"

"Mlimaji wake."

Likavuta, maji yakafika shingoni. "Wewe ni nani kwake?"

Shekue akainua macho, akamtazama mama mkwe usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi ni mwanawe!"

"Mwongo! Nani alikuzaa?"

"Mimi!" akalia mama mkwe. "Ni wangu huyu!"

Zimwi likamwachia, likazama na hasira zake.

Jioni Shekue akainama mlangoni kama desturi. Mama mkwe akatoka, akamwinua kidevu, akamlisha tonge kwa mkono wake.

"Ahsante, mwanangu."

"Ahsante, mama," akajibu Shekue, machozi yakimtoka. Neno hilo hakuwahi kuwa na wa kumwambia.

Ngano yangu naitua hapo. Aliye na mama ndani, na amwite sasa hivi.